Umenyimwa ruhusa kwenye kompyuta yako mwenyewe? Jua kwanza anayekunyima

"Access is denied." Windows huandika maneno hayo matatu mtu asipokuwa msimamizi wa kompyuta. Huyaandika pia akiwa msimamizi halali, ila dirisha alilolifungua halijapewa uwezo huo. Huyaandika faili likiwa na mmiliki mwingine, na huyaandika hata pale ambapo ruhusa hazina kasoro yoyote, kwa sababu faili limesimbwa (limefungwa kwa ufunguo wa siri) au diski imeanza kuchoka. Ujumbe ni mmoja, magonjwa ni mengi, na hapo ndipo balaa huanzia: mtu huokota mtandaoni amri ya takeown (ya kubadilisha mmiliki wa mafaili), huielekeza kwenye C:\ nzima, na kompyuta iliyokuwa na folda moja isiyofunguka hugeuka kompyuta ambayo hata menyu ya Start haifunguki.

Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11, kwa kompyuta iliyo yako au uliyokabidhiwa na mwenyewe uitengeneze. Kompyuta ya kazini iliyounganishwa na domeni (mtandao unaosimamia kompyuta za ofisi kwa pamoja), mwenye funguo ni kitengo cha TEHAMA; hata ukijirudishia usimamizi kwa nguvu, sera zao zinaweza kukuondoa tena mashine ikiwasiliana na seva. Huko piga simu, usihangaike.

Uulize mfumo wewe ni nani

Kabla ya kugusa ruhusa ya faili lolote, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika:

`whoami /groups | find "S-1-5-32-544"`

Namba hiyo ni kitambulisho cha kikundi cha Administrators. Haibadiliki kwenye Windows ya lugha yoyote, na ndiyo maana napendelea kuandika namba kuliko jina: Windows ya Kifaransa inakiita kikundi hicho Administrateurs, na amri yenye jina la Kiingereza hugoma huko.

Majibu ni matatu. Usipotokea mstari wowote, akaunti yako si msimamizi. Ukitokea mstari wenye maneno "Group used for deny only", wewe ni msimamizi, lakini dirisha hilo limefunguliwa bila nguvu za usimamizi. Ukitokea wenye "Enabled group" na "Group owner", nguvu zote unazo hapo ulipo, na kama bado unakataliwa, tatizo liko kwenye faili au folda yenyewe.

Jibu la pili ndilo linalosumbua watu wengi zaidi, kwa hiyo tulielewe vizuri. Tangu Windows Vista, msimamizi anapoingia, mfumo humtengenezea tokeni mbili, yaani hati za kuonyesha uwezo wake: moja kamili na nyingine iliyopunguzwa. Programu za kawaida, File Explorer ikiwamo, huendeshwa kwa ile iliyopunguzwa. Ndani yake uanachama wako wa Administrators huhesabiwa pale tu kuna katazo dhidi ya kikundi hicho. Pale kikundi kinaporuhusiwa, hauhesabiwi. Matokeo yake, folda inayowapa Administrators udhibiti kamili inaweza kukukatalia ukiifungua kwa Explorer, na hapo hakuna kilichoharibika.

Dawa ni kufungua dirisha lenye nguvu: tafuta cmd kwenye menyu ya Start, bonyeza Ctrl+Shift+Enter, kubali swali linalotokea. Kichwa cha dirisha kitaanza na neno Administrator, na `whoami /groups` itaonyesha High Mandatory Level, namba S-1-16-12288, badala ya Medium ambayo ni S-1-16-8192. Amri zote za kubadilisha kitu nitakazotaja kuanzia hapa zinahitaji dirisha la namna hii. Jambo moja hushangaza humo: diski za mtandao ulizoziunganisha kwa herufi, kama Z:, kwa kawaida hazionekani, kwa kuwa ziliunganishwa chini ya tokeni nyingine. Tumia anwani kamili ya `\\seva\folda` na kazi itaendelea.

Hapa pia ndipo pa kuelewa kile kitufe cha Continue ambacho Explorer huonyesha ikisema huna ruhusa ya kufungua folda. Ukikibofya, Explorer haijipi tokeni kamili kwa muda. Inaandika jina la akaunti yako ndani ya orodha ya ruhusa za folda hiyo, na jina linabaki humo siku zote. Kwa folda ya picha zako za zamani hakuna ubaya. Kwa folda ya mtumiaji mwingine, au yoyote iliyo ndani ya C:\Windows, bofya Cancel.

Usimamizi ukiwa umepotea kabisa

Dalili yake haifichiki. Unafungua kitu kinachohitaji usimamizi, skrini inafifia, kisanduku cha swali kinatokea, lakini kitufe cha Yes hakibonyezeki na hakuna mahali pa kuandika nenosiri. Maana yake Windows imetafuta akaunti hai ya msimamizi kwenye mashine nzima ikaikosa. Kisanduku kikionyesha jina la akaunti nyingine na nafasi ya nenosiri, basi msimamizi yupo na unachokosa ni nenosiri lake. Hakikisha kwa amri mbili ambazo hata mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuziendesha:

`net localgroup Administrators`
`net user juma`

Ya kwanza inataja wanachama wa kikundi. Ya pili, ukiweka jina la akaunti husika mahali pa juma, ina mstari wa "Account active". Mara nyingi utakuta mwanachama pekee wa kikundi ni Administrator, ile akaunti inayokuja na Windows, na kwamba imezimwa. Huzimwa hivyo kwa makusudi tangu Vista. Mtu akiishusha akaunti yake kuwa Standard, au akijitoa kwenye kikundi kupitia netplwiz (dirisha la kusimamia akaunti), hubaki na akaunti isiyoweza kujipandisha na nyingine iliyolala.

Kama tatizo ni nenosiri lililosahaulika, anza na njia nyepesi. Akaunti ya Microsoft hubadilishiwa nenosiri mtandaoni kutoka kifaa chochote, kisha unaingia kwenye kompyuta ikiwa na intaneti. Akaunti ya ndani yenye maswali ya usalama huonyesha kiungo cha "Reset password" baada ya kukosea mara moja. Kama kuna msimamizi mwingine kwenye mashine, anaweza kuandika `net user juma *` kwenye dirisha lenye nguvu na kuweka nenosiri jipya.

Njia hiyo ya mwisho ina gharama ambayo mafundi wengi hawaitaji. Kubadilisha nenosiri ukiwa unalijua la zamani ni tofauti na kuwekewa jipya na mtu mwingine. Funguo zinazolinda manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye vivinjari, pamoja na mafaili yaliyosimbwa kwa EFS (usimbaji wa faili moja moja wa Windows), zimefungwa kwa nenosiri la zamani la akaunti ya ndani. Nenosiri likilazimishwa kutoka nje, akaunti itafunguka lakini funguo hizo hazitafunguka nayo. Nenosiri la zamani likikumbukwa baadaye na kurudishwa, kwa kawaida hufunguka tena. Lisipokumbukwa, mafaili ya EFS yasiyo na nakala ya cheti yamepotea. Muulize mwenye mashine kuhusu hilo kabla hujabonyeza Enter.

Sasa hali ngumu zaidi: hakuna msimamizi hata mmoja aliye hai. Kinachobaki ni kuiamsha akaunti ya Administrator kutoka nje ya Windows. Unahitaji flashi ya kusakinishia Windows, ya gigabaiti 8 au zaidi, iliyotengenezwa kwa Media Creation Tool kwenye kompyuta nyingine. Kama diski imelindwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski nzima wa Windows), unahitaji pia ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Kompyuta nyingi mpya husimba diski zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo mtandaoni, kwa hiyo uutafute huko kabla ya kuzima mashine. Bila ufunguo huo hakuna ujanja, na ndivyo inavyopaswa kuwa: ulinzi ambao mwizi wa kompyuta angeupita kwa flashi usingekuwa ulinzi.

Washa kompyuta kwa flashi. Kwenye skrini ya kwanza ya usakinishaji usibofye chochote. Bonyeza Shift+F10 (kwenye baadhi ya kompyuta ndogo, Shift+Fn+F10) na dirisha la amri litafunguka. Herufi za diski hapa mara nyingi hazifanani na zile ulizozizoea. Andika `diskpart`, kisha `list volume`, kisha `exit`, halafu hakikisha kwa `dir D:\Users` mpaka uone majina ya watumiaji unaowafahamu. Tuseme Windows imeonekana kwenye D:. Kama imefungwa kwa BitLocker, ifungue kwa `manage-bde -unlock D: -RecoveryPassword` ukifuatisha zile tarakimu 48 pamoja na vistari vyake. Kisha tengeneza nakala ya faili unalotaka kuligusa, SAM, linalohifadhi akaunti za Windows:

`copy D:\Windows\System32\config\SAM D:\SAM.bak`

Andika `regedit`. Bofya HKEY_LOCAL_MACHINE, nenda File, Load Hive, chagua lile faili la SAM ndani ya D:\Windows\System32\config, na ulipe jina lolote, kwa mfano NJE. Shuka hadi NJE\SAM\Domains\Account\Users\000001F4. Hiyo 1F4 ni 500 kwa hesabu ya kumi na sita, namba ambayo akaunti ya Administrator huwa nayo kwenye kila Windows hata ikibadilishwa jina. Bofya mara mbili thamani iitwayo F, tafuta mstari wa 0038, na uangalie baiti yake ya kwanza. Ikiwa 11, akaunti imezimwa. Futa hiyo baiti moja na uandike 10. Usiguse nyingine. Hakikisha idadi ya baiti haijaongezeka wala kupungua, kwa kuwa kihariri hiki huongeza kwa urahisi usipokuwa makini na mahali kishale kilipo. Bofya OK, rudi juu uchague NJE, kisha File, Unload Hive. Ukiruka hatua ya Unload, mabadiliko yanaweza yasiandikwe kikamilifu.

Chomoa flashi, washa upya. Kwenye skrini ya kuingilia itatokea akaunti ya Administrator, na kama haikuwahi kuwekewa nenosiri, unaingia bila nenosiri. Usishtuke kukuta eneo-kazi tupu. Huo ni wasifu mpya, mafaili yako yapo palepale kwenye C:\Users. Fungua cmd na uandike:

`net localgroup Administrators juma /add`

Toka, ingia kwa akaunti yako, rudia lile jaribio la whoami. Ukiona uanachama umerudi, fungua dirisha lenye nguvu uizime akaunti ile kwa `net user Administrator /active:no` na ufute nakala ya SAM.bak. Msiiache hai kwa matumizi ya kila siku. Kwa mpangilio wa kawaida, akaunti hiyo haipunguziwi tokeni wala haiulizwi swali lolote, kwa hiyo programu yoyote inayoendeshwa humo hupata kompyuta nzima.

Mabadiliko yakigoma au F ikiharibika, rudisha SAM.bak kwa njia ileile ya flashi. Kuisafisha mashine kwa "Reset this PC" ukichagua kuhifadhi mafaili yako ni hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu programu zote ulizosakinisha zitaondoka.

Sasa faili lenyewe

Whoami ikionyesha una nguvu kamili na bado unakataliwa, isome orodha ya ruhusa:

`icacls "D:\Picha"`

Kila mstari una jina na herufi kwenye mabano. F ni udhibiti kamili, M ni kusoma, kuandika na kufuta, RX ni kusoma na kuendesha. (OI) na (CI) zinasema ruhusa itarithiwa na mafaili na folda za ndani. (I) inasema mstari huo wenyewe umerithiwa kutoka juu. Ukiona DENY, umempata mshukiwa wa kwanza.

Windows huisoma orodha hii kwa mpangilio maalumu: katazo lililoandikwa moja kwa moja kwenye faili, kisha ruhusa iliyoandikwa moja kwa moja, kisha katazo la kurithi, kisha ruhusa ya kurithi. Kwa hiyo ule msemo wa kwamba katazo hushinda daima si sahihi. Ruhusa iliyoandikwa kwenye faili lenyewe hulishinda katazo lililorithiwa kutoka kwenye folda ya juu. Kosa linalojirudia ni mtu kuweka Deny kwa kikundi cha Users ili kuwazuia wengine, akisahau kwamba na yeye, msimamizi, ni mwanachama wa Users au amehesabiwa ndani yake. Hujifungia nje pamoja na wote. Katazo huondolewa hivi, kwa namba ya kikundi cha Users:

`icacls "D:\Kazi" /remove:d *S-1-5-32-545`

Ukitaka kumzuia mtu siku nyingine, acha tu kumpa ruhusa. Deny iache kwa mahitaji adimu.

Mshukiwa wa pili ni namba ndefu isiyo na jina, S-1-5-21 na kuendelea, ambayo kwenye kichupo cha Security huandikwa "Account Unknown". Hutokea kwenye diski iliyotoka kompyuta nyingine au baada ya Windows kusakinishwa upya. Ruhusa huandikwa kwa namba ya akaunti, jina ni pambo la skrini tu. Juma wa Windows ya zamani na Juma wa Windows mpya ni watu wawili kwa macho ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, hata nenosiri lao likiwa moja.

Kama unachotaka ni kuokoa mafaili kutoka diski ya namna hiyo, ushauri wangu ni kwamba usibadilishe ruhusa yoyote. Nakili kwa nguvu ya kuhifadhi nakala, ambayo wasimamizi wanayo na ambayo hairejei orodha ya ruhusa:

`robocopy "E:\Users\juma" "D:\Nakala" /E /B /COPY:DAT /XJ /R:1 /W:1`

Hapa /B ndiyo inayopita kwenye vizuizi. /COPY:DAT inachukua data, sifa na tarehe, inaacha ruhusa za zamani, na nakala inarithi ruhusa za D:\Nakala. /XJ inaruka viungo vya ndani kama Application Data, ambavyo vinaweza kuizungusha amri bila mwisho. Kuhusu /R:1 na /W:1, usizisahau: robocopy bila hizo hujaribu tena mara milioni moja kwa faili lililogoma, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Mwishoni, namba ya kutokea iliyo chini ya 8 maana yake hakuna kunakili kulikoshindikana.

Ukihitaji kweli kuichukua folda, andika kwanza hali ilivyo ili uweze kurudi nyuma:

`icacls "D:\Picha" /save "C:\Hifadhi\picha-acl.txt" /T /C`

Kurudisha, unataja folda ya juu yake, kwa sababu njia zilizoandikwa ndani zinaanzia hapo: `icacls D:\ /restore "C:\Hifadhi\picha-acl.txt"`. Wengi hutaja D:\Picha kwenye kurudisha na kuambiwa mafaili hayapo. Kisha:

`takeown /F "D:\Picha" /R /D Y`
`icacls "D:\Picha" /grant "juma:(OI)(CI)F" /T /C`

Hizi ni kazi mbili. Ya kwanza inabadilisha mmiliki. Mmiliki hapati kusoma faili moja kwa moja, anapata haki ya kuandika upya orodha ya ruhusa. Ya pili ndiyo inayoandika. Anayeendesha takeown peke yake na kukuta faili bado limegoma, amefanya nusu ya kazi. Y ya /D ni herufi ya jibu la "ndiyo" kwa lugha ya Windows yenyewe, kwa hiyo kwenye Windows ya Kifaransa ni O. Na ukitumia PowerShell badala ya cmd, alama za kunukuu kuzunguka juma:(OI)(CI)F ni za lazima, la sivyo mabano yatasomwa kama sehemu ya lugha ya PowerShell.

Folda yenye mchanganyiko wa ruhusa za kale, ambayo hujui nani aliandika nini, hunyooshwa vizuri zaidi kwa kufuta kila kilichoandikwa ndani na kuiacha irithi kutoka juu: `icacls "D:\Picha" /reset /T /C`. Napenda amri hii, lakini ina mtego mmoja mbaya. Usiielekeze kwenye folda yenyewe ya wasifu, kama C:\Users\juma. Folda hiyo ina ruhusa zake maalumu zisizorithi kutoka C:\Users, na C:\Users inaruhusu watumiaji wote kusoma. Ukiipiga /reset, Juma anapoteza udhibiti wa folda yake na wengine wanapata kuichungulia. Kama imeshatokea, irudishe hivi:

`icacls "C:\Users\juma" /inheritance:r /grant "*S-1-5-18:(OI)(CI)F" "*S-1-5-32-544:(OI)(CI)F" "juma:(OI)(CI)F"`

Namba ya kwanza ni SYSTEM, ya pili Administrators. Ndani ya wasifu, elekeza /reset kwenye Documents\* au Pictures\* na si juu yake.

Kuna pia tofauti kati ya kunakili na kuhamisha, ambayo hueleza mafaili mengi yanayogoma bila sababu ya wazi. Faili linalonakiliwa hurithi ruhusa za folda linakoenda. Faili linalohamishwa ndani ya diski hiyohiyo kwa kawaida hubaki na ruhusa lilizotoka nazo. Mtu akikata faili kutoka kwenye folda yake binafsi na kulibandika kwenye folda ya wote, wenzake huliona jina lakini hawalifungui. Dawa ni /reset kwenye faili hilo moja. Kwenye folda za mtandao ongeza hili: kuna ruhusa za folda kushirikiwa na kuna ruhusa za NTFS, na yenye masharti magumu zaidi ndiyo inayoshika. Ukihangaika na icacls huku upande wa kushirikiwa umeachwa kwenye Read, hutaandika kitu.

Folda za kuacha zilivyo

C:\Documents and Settings inakataa kufunguliwa kwa sababu imekusudiwa kukataa. Ni kiungo cha kuelekeza programu za zamani kwenye C:\Users, na ina katazo la kuorodhesha kwa kila mtu. My Music iliyo ndani ya Documents ni hivyohivyo. Hakuna cha kutengeneza hapo.

Mafaili mengi ya C:\Windows yanamilikiwa na NT SERVICE\TrustedInstaller (huduma ya Windows ya kusakinisha sehemu zake), na hata wasimamizi wana kusoma tu. Ukilazimika kubadilisha faili moja humo, libadilishe hilo moja na umrudishe mmiliki kwa `icacls faili /setowner "NT SERVICE\TrustedInstaller"`. Takeown yenye /R kwenye C:\Windows, Program Files au WindowsApps ndiyo inayozaa masasisho yanayogoma na programu za Store zisizofunguka. Kama limeshafanyika, `sfc /scannow` na `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth` hutengeneza mafaili yaliyoharibika, lakini hazikurudishii ruhusa zote. Kinachofaa ni kufungua faili la ISO (nakala ya diski ya kusakinishia Windows) la toleo na lugha ileile ukiwa ndani ya Windows, kuendesha setup.exe, na kuchagua kubaki na mafaili na programu. Windows hujisakinisha juu yake yenyewe na ruhusa za mfumo huandikwa upya.

Ruhusa ni safi, faili bado halifunguki

Faili lenye kufuli dogo kwenye aikoni yake limesimbwa kwa EFS. `cipher /c` ikifuatiwa na jina la faili itakutajia nani anaweza kulifungua. Umiliki na Full control havisaidii hapa. Kinachotakiwa ni cheti cha yule aliyelisimba, faili la .pfx.

Faili lisilofutika wala kufunguka, na hata mmiliki wake haonyeshwi, huenda limeshafutwa na linasubiri programu iliyolishika iliachie. Washa upya kompyuta na litatoweka. Programu isiyoweza kuhifadhi kwenye Documents huku Notepad inaweza, angalia "Controlled folder access" ndani ya Windows Security. Huzuia kwa programu, wala haihusiani na akaunti yako. Ujumbe unaosema "corrupted and unreadable" ni wa diski: nakili unachoweza kwanza, ndipo uendeshe `chkdsk E: /f`, kwa sababu chkdsk kwenye diski inayokufa inaweza kumaliza kilichobaki. Na kile kisanduku cha Read-only kwenye sifa za folda, chenye mraba usiotoka hata ukiufuta, si ruhusa kabisa. Kwa folda hakizuii kuandika. Kiache.

Mashine ikishapona, tengeneza akaunti ya pili ya msimamizi yenye nenosiri lake, usiyoitumia kwa kazi za kila siku, kwa `net user akiba * /add` kisha `net localgroup Administrators akiba /add`. Andika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi iliyo mbali na kompyuta hiyo. Kama unatumia EFS, endesha `cipher /x` ukiwa ndani ya akaunti yako mwenyewe, weka nenosiri, na upeleke lile faili la .pfx kwenye flashi isiyokaa ndani ya mfuko mmoja na kompyuta.